Fundi wa Nguo za Kunyonyeshea

Fundi hakumpima mama akiwa amesimama. Ukiingia kibandani mwake pale Karagita, Naivasha, ukajinyoosha mbele yake mikono ikining'inia kama ulivyozoezwa na mafundi wengine, alikuangalia tu, tepu ikiwa shingoni.

"Wewe hunyonyesha ukiwa umesimama kama posti ya stima?"

Kisha alikuvutia stuli, akachukua pakiti ya unga ya kilo mbili ambayo haikukosekana juu ya rafu yake miaka yote niliyomjua, akakuwekea mapajani. "Haya. Nyonyesha."

Ulicheka. Kila mtu alicheka. Yeye hakucheka. Alingoja mpaka ukaupakata ule unga, shingo ikainama, bega moja likashuka, kiwiko kikatoka nje. Hapo ndipo alipoanza kupima, kwapani, mgongoni, chini ya titi, akiandika kwa chaki juu ya meza yake. "Gauni la mama huchanika hapa," alisema akigusa nyuma ya bega, "kwa sababu fundi alimpima kama anapimia jeneza."

Kibanda kilikuwa kando ya njia na mlango ulikuwa wazi daima, kwa hiyo vijana wa bodaboda walituona. Siku moja mmoja aliita, "Mathe, huyo mtoto atakuwa ugali lini?"

Fundi hakuinua kichwa. "Siku ile wewe utakuwa mtu," alijibu, pini zikiwa mdomoni.

Jina lake nalijua lakini sitaliandika. Niliwahi kusema mambo yake mbele ya watu, na mara hiyo moja inatosha.

Nilikutana naye nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Faith, mtoto wangu wa kwanza, alikuwa na wiki saba, nasi tulikuwa kwenye foleni ya chanjo. Nilikuwa nimevaa gauni langu zuri kuliko yote, la buluu, lenye shingo ndefu na zipu mgongoni. Dada yangu alikuwa amenitumia kutoka Nakuru. Nililivaa ili wasinione kama msichana wa shamba la maua aliyeshindwa na maisha, na zaidi ya hapo sikufikiria kitu. Faith akaamka, akalia, nami nikagundua kwamba kumpa titi kulikuwa na njia mbili tu: nilivue gauni mpaka kiunoni au nilipandishe kutoka magotini mpaka kifuani. Benchi lilikuwa limejaa. Mkabala nami walikaa wanaume wawili waliosindikiza wake zao.

Nikamtikisa. Nikamwimbia. Maziwa yalisikia kile kilio, yakatoka yenyewe, yakachora duara mbili kwenye ile buluu, na zikazidi kupanuka. Nikaziziba kwa kichwa cha mtoto, mtoto ambaye alikuwa analilia kitu kile kile nilichokuwa nakificha kwa kichwa chake.

Mwanamke mrefu, mwembamba, aliyevaa koti la kaki la kiume, alikuwa ameleta mapazia aliyoshonea ile kliniki. Aliyaweka chini. Alivua koti, akanifunika nalo mabegani, akapitisha mkono chini yake na kuifungua zipu yangu kwa mkupuo mmoja kama mtu anayefungua gunia. Kisha akasimama kati yangu na wale wanaume, mgongo akiwapa wao.

"Mpe," akasema.

Nikampa. Faith akanyonya mpaka akashiba. Yule mwanamke akavuta zipu juu, akachukua koti lake, akashika kitambaa cha gauni langu kati ya vidole viwili kama mtu anayeonja chumvi.

"Hii nguo ilishonwa na mtu hajawahi sikia mtoto akilia," alisema. "Kuja Jumamosi."

Nilikwenda Jumamosi hiyo, na Jumamosi nyingine nyingi. Blauzi aliyonishonea kwanza ilikuwa na tabaka mbili. Ya juu ilikuwa fupi, imelala chini kidogo ya kifua kama pambo. Ya chini ilikuwa na nafasi mbili zilizopindwa vizuri. Ulinyanyua ya juu kwa vidole, mtoto akajipatia, na mpita njia akaona mama amempakata mwanawe basi. Mtu asiyekaa Karagita hawezi kujua maana ya kitu kile. Sisi tulikaa vyumba vya kupanga, chumba kimoja kimoja, mlango unatazamana na mlango, bafu moja kwa ploti nzima na uwanja mmoja wa kuanikia nguo ambamo siku zote kuna mume wa mtu anayechaji simu. Nikitoka shambani saa ya chakula nilikimbia mpaka nusu ya njia, dada wa kumlea Faith akakimbia nusu yake, nikamnyonyesha hapo tulipokutana, juu ya jiwe, vumbi la lori likitupitia. Blauzi ile ilikuwa chumba changu cha pili.

Alikuwa na maarifa ambayo hakuyaita maarifa. Kitambaa cha kung'aa alikikataa kwa sababu mtoto huteleza. Rangi moja iliyokoza aliikataa kwa sababu inatangaza kila tone. Alikuuzia wazo la maua madogo madogo, yaliyosongamana, ambayo juu yake hata ukilowa unaonekana umechanua. Vifungo vya chuma alivitupa: ni baridi asubuhi, na huacha alama shavuni mwa mtoto. Kila zipu aliijaribu kwenye shavu lake mwenyewe, macho amefumba, akiifungua na kuifunga, na ikimkwaruza aliirudisha dukani akagombana nao. Nimemwona akigombana na muuza duka kwa nusu saa juu ya zipu, akimsukumia usoni. "Weka hapa! Weka hapa kwako, uone!"

Leso ya kumfunika mtoto kichwa ilimkera sana. Jua la Naivasha lilivyo, na lile vumbi, mama anakaa barabarani na furushi linalotoka jasho. "Wewe hula chakula ukiwa umefunikwa blanketi?" aliuliza. Ukimwambia watu wanaangalia, alisema, "Basi tufunike hao."

Usidhani alikuwa mtu wa upande mmoja. Msichana mmoja wa kule kwa maua alimwambia kwa majivuno kwamba yeye haoni haya, anatoa tu popote. Fundi akamjibu, "Toa. Kwani nilikuita?" Kisha akamshonea fulana nyepesi yenye shingo pana, akampa na mawaidha ya kufua kwa maji baridi. Kwake mama anayetaka kujisitiri alikuwa na haki yake, na asiyetaka pia alikuwa na haki yake. "Anayejificha nitamficha," aliniambia siku moja, akikata uzi kwa meno. "Anayetoa nitamwachia nafasi. Ni yule wa kuangalia ndiye sina nguo yake."

Lakini alikuwa mgumu, na nisimpake mafuta. Aliahidi kesho mara nne kwa nguo moja. Aliwaambia akina mama wapumzike, wanywe uji, wasibebe maji, na yeye alishinda juu ya cherehani tangu asubuhi kwa chai ya rangi isiyo na sukari. Redio yake aliifungua wakati wa matangazo ya vifo tu. Yakiisha aliizima, hata kama wimbo mzuri umeanza. Kanisani alikaa kiti cha mwisho na kutoka kabla ya matangazo. Na kulikuwa na jambo moja ambalo kila mteja aliliona, tukalinong'ona: mwanamke huyu aliyeshinda akipima akina mama hakumshika mtoto. Ukimnyooshea wako ili uvae nguo uijaribu, mikono yake ilikwenda nyuma. "Muweke hapo kwa vitambaa," alisema. Alimtandikia vizuri, akamwekea mto pande zote, lakini hakumgusa.

Tulisema mengi. Wengine walisema ni tasa, ana uchungu. Wengine wakasema ana macho mabaya na anajijua. Mimi nilisema pamoja na wengine.

Ukweli alinipa mwenyewe. Ilikuwa Julai, ule mwezi wa baridi ya kuumiza mifupa, mvua inapiga mabati, wateja hakuna. Nilikuwa na mimba ya pili, nimesimama, naye amepiga magoti akibandika pini kwenye pindo langu. Nilimuuliza kwa utani kama yeye hakutaka wa kwake.

"Niko na mmoja," alisema. "Yuko Mau Narok. Ananiita Anti."

Aliendelea kubandika pini. Alisema, bila kubadili sauti, kwamba zamani alichuma maua kama mimi, kwenye shamba ambalo sasa limefungwa. Walivaa ovaroli, nguo moja tangu shingoni mpaka kifundo cha mguu, zipu moja mbele, na hiyo zipu ilikuwa imeharibika ikashonwa mpaka kifuani. Mtoto aliletwa kwenye uzio wa shamba saa ya chakula. Ili amnyonyeshe ilimbidi aiteremshe ovaroli, abaki uchi mpaka kiunoni. Alijificha nyuma ya banda la mbolea. Siku moja msimamizi akampata huko, akawaita wenzake waje waone. Walikuja wengi. Mmoja alipiga makofi.

"Sikuenda tena kwa uzio," alisema. "Nilikuwa naambia dada wa kumlea ampe maziwa ya ng'ombe. Ya kwangu yakakauka. Mtoto akaharisha mpaka akabaki macho. Dada yangu alikuwa ananyonyesha wake, akakuja, akamwangalia, akambeba. Akamnyonyesha na huyo wake. Akapona. Sasa ningeenda kumchukua na nini?"

Nikasema kwamba ndiyo maana alijifunza kushona nguo hizi.

Akaniangalia kutoka kule chini. "Hapana. Nilijifunza kushona kwa sababu maua yaliniumiza mgongo." Akasimama. "Hii maneno iko na wewe sasa, Mama Faith. Anamaliza shule mwaka huu. Nataka nimwambie mwenyewe."

Nikamwambia, "Fundi, mimi ni kaburi."

Brian alizaliwa Septemba. Mwaka ule ule nilikuwa nimepandishwa, msimamizi wa wafungaji maua, na kanisani nikachaguliwa katibu wa akina mama. Mwenyekiti wetu alikuwa mke wa meneja wa shamba, mwanamke mwenye gari na nyumba ya vigae, na mimi nilitaka sana kuonekana wa kwake. Nakumbuka nilianza kuongea kwa upole wake, nikijifunza kushika kikombe kama yeye. Tulipoamua kushona sare za siku ya akina mama, ambayo askofu angekuja, nilimtaja Fundi, nikasifiwa kwa kumjua mtu. Nilikwenda kumwambia, naye kwa mara ya kwanza nilimwona akifurahi waziwazi. Karibu nusu ya akina mama wetu walikuwa wananyonyesha. Alisema atawashonea kitu ambacho askofu mwenyewe hatajua.

Alileta nguo ya mfano siku ya kikao, katika ofisi ndogo ya kanisa, tukiwa tisa. Ilikuwa ya zambarau, kola nyeupe. Alituonyesha, akasema mkanda ameusahau nje kwa mtu wa boda, akatoka kuufuata.

Mwenyekiti aliinua ile tabaka ya juu kwa kidole kimoja. "Hizi nafasi ni za nini?"

Mtu akamwambia.

"Hapa? Mbele ya askofu? Tutaonekana watu gani?" Hakupaza sauti. Alinitazama mimi. "Katibu, wewe ndiye ulituletea huyu. Wewe ndiye ulimwambia aweke hizi vitu?"

Wote waligeuka. Ninachotaka kukisema hapa nimekisema moyoni mara nyingi, na kila mara natafuta namna ya kukifanya kidogo, na hakiwi. Ningeweza kusema ndiyo. Ningeweza hata kunyamaza. Brian alikuwa mapajani mwangu wakati ule, ananyonya, ndani ya blauzi ya Fundi, na hakuna hata mmoja katika chumba kile aliyekuwa ameona.

Nikasema, "Mimi? Mimi nilimwambia ashone ya kawaida. Na kwani yeye anajua nini na kunyonyesha? Wake si alimshinda, akampeleka kwa dadake Mau Narok? Mpaka leo msichana anamuita Anti."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko cha mshangao kwanza, halafu cha utamu, kile cha watu waliopewa habari. Mwenyekiti alicheka mkono mdomoni. Nami nilicheka. Kusema nimesema, ulimi huteleza, watu husamehewa. Lakini nilicheka, na nilicheka kwa furaha, kwa sababu walikuwa wamecheka na mimi.

Fundi alikuwa mlangoni na mkanda.

Hakuniangalia. Aliingia, akaunyoosha mkanda juu ya ile nguo ya mfano, akausawazisha hadi ncha zikalingana. "Mkanda ndio huu," alisema. Akatoka. Tulimsikia akimwambia mtu wa boda aende tu, yeye atatembea.

Sare zilishonwa na mtu wa Nakuru mjini. Siku yenyewe zilikuwa zinabana kifua, zipu mgongoni, na akina mama walikuwa wanaondoka ibadani mmoja mmoja kwenda kwenye stoo ya viti, wakivuana nguo kwa zamu. Mama mmoja kijana, ndani ya ile stoo, aliniuliza, "Katibu, si tulisikia kulikuwa na zingine?" Nilimwambia sijui. Nilikuwa nimemgeuzia mgongo anifungulie zipu.

Sikwenda kwa Fundi. Siku ya kwanza nilisema nimpe muda apoe. Wiki iliyofuata nikasema nitaenda Jumapili. Kisha nikaanza kupita njia ya juu, ile ya kisimani, ambayo ni ndefu zaidi na ina matope, ili nisipite mbele ya kibanda. Nilimtumia sukari na majani ya chai kupitia kwa jirani yake. Vikarudi siku hiyo hiyo, karatasi haijafunguliwa. Mwezi wa tatu nikasikia kibanda kimefungwa, cherehani imebebwa kwa pikapu. Nikaona nafuu. Hilo pia ni la kusema: niliona nafuu, nikarudi kupita njia ya chini.

Blauzi zake niliendelea kuzivaa mpaka Brian akaacha titi. Sikuwa na nyingine zilizofaa.

Mwaka jana nilipanda Mau Narok kununua viazi vya harusi ya mpwa wangu. Ilikuwa siku ya soko, ukungu umekaa juu ya ngano, watu wamevaa makoti mawili mawili. Sitajifanya kwamba nilikwenda kumtafuta. Lakini nilipoambiwa kuna fundi mzuri karibu na stendi, mwanamke, wa kutoka Naivasha, miguu ilinipeleka kabla sijajiuliza.

Lilikuwa duka hasa, mlango wa chuma, sakafu ya simiti. Alikuwa amevaa miwani, nywele zimeingia mvi pembeni. Alisema bila kuangalia, "Karibu, mathe." Kisha akaangalia, na mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani.

"Mama Faith."

"Fundi."

"Faith ako sekondari?"

"Form two."

"Hmm." Akasukuma kiti kwa mguu. Nikakaa. Nilimwambia nimekuja kununua viazi, akasema viazi vipo, mwaka huu vimekubali. Tukaongea juu ya mvua. Kisha nikasema, na sauti yangu nikaisikia nyembamba kama ya mtoto, "Fundi, yale maneno niliyoyasema siku ile."

"Ulisema kweli. Hukudanganya mtu."

"Nilikuwa nimekuahidi."

"Ndiyo."

Alivua miwani, akaifuta kwa kipande cha kitambaa. "Nilitafuta vile nitamwambia miaka kumi na tisa," alisema. "Nilikuwa hata nimepata mahali pa kuanzia. Nilikuwa nataka kuanza na dada yangu, vile alimbeba akiwa kama ndege. Sasa mmoja wenu kule kanisani alikuwa na binamu yake huku. Msichana aliambiwa na mtu wa kuuza maziwa. Barabarani. Akiwa na wenzake."

Nikauliza alifanya nini, ingawa sikutaka kusikia.

"Alikuja Karagita. Akasimama hapo kwa mlango, hakuingia. Akaniuliza, ni ukweli ulinitupa? Nikamwambia, si kutupa, lakini ni ukweli mimi ndiye nilikuzaa. Akaenda. Nilimfuata huku, nikafungua kazi. Miaka sita alikuwa anapita hapo ng'ambo ya barabara, haangalii."

Nilianza kulia. Aliningoja nimalize, hakunipa kitambaa wala hakuniambia ninyamaze.

Hapo ndipo msichana akaingia, mwanamke mzima sasa, mrefu kama yeye, ameshika bakuli lililofungwa kwa taulo na chupa ya chai. "Anti, umekula? Nimeleta githeri kabla ipoe." Akaniona. "Sasa, mathe. Uko sawa? Unalia?"

"Ni moshi," nikasema. Hakukuwa na moshi.

"Huyu alikuwa mteja wangu," Fundi alisema. "Karagita."

Uso wa yule msichana ulibadilika. Aliweka bakuli chini polepole. "Karagita? Basi unamjua yule mama wa kanisa. Yule alisimama mbele ya watu akamtangaza Anti. Hatujawahi jua jina lake, Anti hukataa kutuambia. Unamjua?"

Nilimtazama Fundi. Hakuniamuru kitu kwa macho. Kulikuwa na nafasi hapo, pana ya kutosha, na mimi nilikuwa na umri wa kujua nafasi kama ile haiji mara mbili. Nilifungua mdomo.

"Hamjui," Fundi alisema. "Walikuwa kanisa tofauti."

Msichana alinigeukia, akingoja.

"Ndiyo," nikasema. "Kanisa tofauti."

Fundi alinisindikiza mpaka nje, akauvuta mlango nyuma yake. Nilifikiri ananihurumia, nikaanza kumshukuru. Alinikata.

"Sikufanya kwa sababu yako. Ameanza kula na mimi mwaka huu tu. Akikujua, atakuwa na mtu wa kuchukia tena, na hiyo itamrudisha nyuma, tuanze yote upya. Nimechoka." Aliongea kwa upole, kama mtu anayekuelekeza njia. "Na usirudi kumwambia ndio wewe upate usingizi. Hiyo kaa nayo."

Nikasema nitakaa nayo.

"Viazi chukua kwa yule mzee wa mwisho. Wale wengine huchanganya."

Akaingia ndani. Nilisimama pale kwenye ukungu kwa muda, na kupitia kwenye mlango nikamsikia msichana akiuliza kama amwongezee chai, na Fundi akisema ndiyo, kidogo tu. Nikaenda kwa yule mzee wa mwisho nikanunua viazi.